Anayeanguka Apimwe Kabla ya Kuhukumiwa

Msichana wa kidato cha pili anaanguka darasani katika kipindi cha hesabu. Viungo vinamtetemeka, macho ameyafumba, wenzake wanapiga makelele na kukimbilia mlangoni. Kabla hajainuka, hukumu tatu zimekwisha kupitishwa juu yake. Wa kwanza anasema kapandwa na shetani, basi aitwe mganga. Wa pili anasema hicho ni kifafa, asiguswe, kwa kuwa povu lake huambukiza. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye cheo kuliko wote waliopo, anasema huyu anajifanya kwa kuwa mitihani imekaribia, na dawa yake ni bakora. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyempima, na kila hukumu kati ya hizo yaweza kumharibia msichana yule maisha yake.

Tukio la namna hii si geni kwa msomaji yeyote wa visiwa hivi. Tunalileta mbele ya wananchi na viongozi leo kwa sababu wataalamu wa maradhi ya ubongo na ya akili wamefanya kazi kubwa ya kutenganisha maradhi mawili yanayofanana kwa sura na kuachana kwa asili, na elimu hiyo bado haijafika ipasavyo pale inapotakiwa: kwa mwalimu wa skuli, kwa muuguzi wa kituo cha afya cha shamba, kwa sheha, kwa mzee wa nyumba, na kwa mtendaji anayepanga fedha za dawa.

Tuanze na kifafa. Ubongo wa mwanadamu hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita baina ya chembe zake. Daktari wa Kijerumani, Hans Berger, aliunasa umeme huo katika kichwa cha mtu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na akaitangaza kazi yake mwaka 1929. Kwa mwenye kifafa, umeme huo hufyatuka ghafla na kupita kiasi. Ukifyatuka katika ubongo wote, mtu huanguka, hukakamaa, hutukutika, na huenda akajiuma ulimi au akajikojolea. Ukifyatuka katika sehemu moja tu, huenda asianguke kabisa: hukodoa macho, hutafuna pasipo chakula, huchezea nguo yake, na akisemeshwa hajibu. Watoto wengi wa namna hii ya pili wameitwa mabozi na wajeuri, wakapigwa, ilhali hawana habari ya yaliyopita.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba karibu 80 katika kila 100 kati yao wako katika nchi maskini na nchi za kipato cha kati. Linasema pia kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangepimwa na kutibiwa inavyostahiki. Lakini katika nchi maskini, wagonjwa watatu kati ya kila wanne hawapati matibabu hayo. Hizi si hesabu za mbali. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2013, uliofanywa katika sehemu tano za Afrika, ulikuta kifafa cha kutukutika kwa watu 7.8 katika kila 1,000 huko Kilifi, Kenya, na kwa watu 14.8 katika kila 1,000 huko Ifakara, Tanzania Bara. Waliochunguza walitaja sababu zinazozuilika: matatizo ya wakati wa kujifungua, majeraha ya kichwa, na vijidudu vinavyoingia mwilini.

Sababu za namna hiyo hazikuvuka bahari na kutuacha sisi. Mzazi aliyechelewa kufikishwa kwa mkunga, mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kijana aliyepata ajali ya pikipiki bila ya kofia, mchumaji karafuu aliyeteleza juu ya mkarafuu, mkwezi aliyeanguka mnazini: kila mmoja kati ya hawa anaweza kubaki na kovu katika ubongo, na kovu hilo likaja kuwa kifafa baada ya miezi au miaka. Katika vita dhidi ya malaria visiwa vyetu vimepiga hatua ya kujivunia, hata maambukizo yakashuka chini ya asilimia 1. Kwa hiyo tunajua kwamba maradhi yaliyodhaniwa ni ya milele yanaweza kupigwa yakarudi nyuma, ikiwa kuna mpango na kuna nia.

Sasa tuje kwenye maradhi ya pili, ambayo jina lake halijakaa vizuri katika ndimi zetu. Kuna watu wanaoanguka, wakatetemeka, wakapotewa na fahamu zao, na hali umeme wa ubongo wao, ukipimwa katika dakika ile ile ya kuanguka, hauna ufyatukaji wa kifafa. Madaktari wanasema kuanguka huku kunatoka katika nafsi. Hofu iliyofungiwa, msiba usioliliwa, dhuluma aliyotendewa mtu utotoni, ugomvi wa nyumbani usio na njia ya kutokea, yote haya yanaweza kuufanya ubongo uikate njia baina ya fahamu na mwili kwa muda. Mtu hachagui kufanya hivyo, kama asivyochagua mwenye haya moyo wake kwenda mbio mbele za watu.

Elimu hii nayo ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo si ya kujivunia. Katika karne ya 19, daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, mjini Paris, aliwaonyesha wanawake walioanguka namna hii mbele ya hadhara ya wanafunzi na wageni, kama watu waonyeshavyo tamasha. Mwenzake, Pierre Janet, aliandika mwaka 1889 juu ya namna nafsi iliyoumizwa inavyojigawa, na wazo hilo ndilo ambalo utafiti wa siku hizi umerudi kuliendeleza. Leo orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inaitambua hali hii kuwa ni maradhi kamili na kuipa mahali pake. Kwa hivyo mwenye cheo anayesema "anajifanya" abishane na elimu ya dunia nzima, asibishane na mtoto aliyelala sakafuni.

Je, twawezaje kuyatofautisha maradhi haya mawili? Kuna dalili zinazosaidia. Aghalabu kifafa cha kuanguka humalizika ndani ya dakika mbili, macho huwa wazi, na mgonjwa akijiuma hujiuma ubavu wa ulimi. Kuanguka kwa nafsi kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi, macho hufumbwa, kichwa hutikiswa kushoto na kulia, mtetemeko hupanda na kushuka, na wengine hulia machozi. Lakini hakuna dalili moja itoshayo peke yake kukata shauri. Kipimo cha kutegemewa ni kumrekodi mgonjwa kwa picha na kwa mashine ya umeme wa ubongo kwa wakati mmoja. Umoja wa wataalamu wa kifafa duniani ulitoa mwaka 2013 mwongozo wa ngazi za uhakika, ili hata penye upungufu wa mashine daktari aweze kusema "huenda" au "yaelekea" kwa kuyasikiliza maelezo ya walioona na kwa kuitazama picha ya tukio. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kamera. Ndugu akimpiga picha mgonjwa kwa heshima, kwa ajili ya daktari peke yake, amefanya kazi kubwa. Anayeipiga na kuisambaza kwa ajili ya kicheko amemdhulumu mgonjwa, na sheha na mwalimu wana wajibu wa kumkanya.

Kuna jambo jingine linalopaswa kumfanya kila mtu awe na tahadhari. Maradhi haya mawili yanaweza kumpata mtu mmoja. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba karibu mmoja katika kila watano wenye kuanguka kwa nafsi ana kifafa pia. Kwa hiyo anayesema "hiki ni cha nafsi, basi mwondoleeni dawa zote" anaweza kumwua mgonjwa kwa neno moja.

Gharama ya kukosea ni kubwa kwa pande zote mbili. Mwenye kifafa akichukuliwa kuwa ana pepo, miaka hupita katika uganga, na kila mara ya kuanguka ni hatari mpya: juu ya mafiga yenye moto, ndani ya kisima, katika maji ya bahari mwani unapovunwa, au katika ngalawa akiwa peke yake. Kuanguka mfululizo bila ya kuzindukana huua. Shirika la Afya Duniani linasema uwezekano wa mwenye kifafa kufa kabla ya wakati wake ni hadi mara tatu ya ule wa watu wengine. Kwa upande wa pili, mwenye kuanguka kwa nafsi akichukuliwa kuwa ana kifafa, hupewa vidonge vya kulevya miaka nenda miaka rudi, visimsaidie. Akiletwa hospitali usiku hudungwa sindano juu ya sindano, hata pumzi ikataka kukatika kwa dawa ya maradhi asiyokuwa nayo. Uchunguzi wa Ujerumani uliotangazwa mwaka 2002 ulikuta kwamba kwa wastani wagonjwa wa namna hii walikaa zaidi ya miaka 7 kabla maradhi yao hayajatambuliwa. Ikiwa hivyo ndivyo katika nchi yenye mashine na wataalamu tele, sisi tunapaswa kuongeza uangalifu mara mbili.

Nchi yetu ina mambo mawili ya kufundisha dunia katika habari hii. La kwanza ni la Mahenge. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika huko kuelekea mwisho wa utawala wa Mwingereza akawakuta Wapogoro wenye kifafa wakilishwa kwa vyombo vyao peke yao, wakilala mbali na ndugu zao, miili yao ikiwa na makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kuwagusa. Alianzisha kliniki, akawapa dawa rahisi ya fenobabitoni, na akaandika juu ya ugonjwa wao katika 1965. Wengi walipata nafuu, na walipopata nafuu, hofu ya majirani nayo ilipungua, kwani watu waliona kwa macho yao. Uchunguzi wa Ulanga uliotangazwa mwaka 1992 ulikuta kifafa huko kwa karibu watu 10 katika kila 1,000, na utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha uhusiano baina ya kifafa cha sehemu hiyo na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi weusi wazaliao katika mito iendayo kasi. Yaani hata pale palipodhaniwa pana laana, palikuwa na mdudu.

La pili ni la Kashasha, karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana wa skuli ya bweni huko walianza kucheka na kulia pasi na kuweza kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walifika 95, na skuli ikafungwa mwezi Machi. Madaktari waliotoa taarifa yao mwaka 1963 walipima wasione sumu wala ambukizo. Walimu hawakushikwa. Ulimwengu umelifanya tukio lile kuwa hadithi ya kuchekesha, lakini waliokuwepo hawakucheka kwa furaha: walikuwa watoto mbali na wazee wao, katika nidhamu kali, na nchi inabadilika kwa kasi kuliko walivyoweza kuelezwa. Wakuu wa skuli zetu wanapoona wasichana wakianguka mmoja baada ya mwingine, waikumbuke Kashasha. Swali la kwanza wajiulize ni hili: ni kitu gani kinawakandamiza watoto hawa, na kwa nini hawana wa kumwambia?

Tunajua kwamba msomaji wetu ni mtu wa dini, nasi tumekaa chuoni kabla ya kukaa skuli. Imepokewa katika Hadithi sahihi, kwa mapokezi ya Ibn Abbas, kwamba mwanamke aliyekuwa akianguka alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwomba amwombee. Akapewa hiari baina ya kusubiri na kuombewa. Akachagua kusubiri, ila akaomba jambo moja: asifunuke nguo mwilini anapoanguka. Wanavyuoni wamelieleza sana fungu la subira katika habari hiyo. Sisi twapenda kuwakumbusha wananchi fungu la stara. Mwanamke yule hakufukuzwa, hakutengwa, hakuitwa mchafu. Alisikilizwa, na haja yake ya kuhifadhiwa heshima ikajibiwa. Ni wangapi kati yetu, tunapomwona msichana kaanguka njiani, tunaomfunika nguo kabla ya kujaza duara la watazamaji?

Dini hiyo hiyo imeamrisha kutafuta dawa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika juu ya kuanguka huku katika kitabu chake cha utabibu na kukuhesabu kuwa maradhi ya ubongo, ilhali alikuwa amehifadhi Kurani tangu utoto wake. Kwa hiyo anayesomewa na asomewe, na anayeombewa dua na aombewe, lakini kidonge kisiachwe. Hata mwezi wa Ramadhani hauna haja ya kuwa kikwazo. Fenobabitoni yaweza kumezwa mara moja tu kwa siku, usiku, na mgonjwa azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Hatari iko kwa anayekatisha dawa kwa ghafla kwa kudhani anaongeza thawabu, na hali mgonjwa amekwisha kupewa ruhusa na Mola wake.

Na hapa hatuna budi tujisahihishe sisi wenyewe tulio katika Chama. Kwa miaka mingi tumezoea kusimama jukwaani, kulitamka neno "ushirikina", kisha kukaa kitako tukidhani tumekwisha kufanya kazi. Mwananchi anayempeleka mtoto wake kwa mganga hafanyi hivyo kwa ujinga peke yake. Mganga yuko karibu, hufungua mlango usiku, huuliza habari za ukoo mzima, na hukaa na mgonjwa muda mrefu. Kituo cha afya kiko mbali, foleni ni ndefu, na huenda mtu akafika akaambiwa dawa haipo mpaka mwezi ujao. Tukimtukana mganga bila ya kuijaza kabati ya dawa, tumemwacha mwananchi mikono mitupu. Ni heri kumfundisha mganga na mwalimu wa chuo dalili za kumpeleka mtu hospitali, na kumtaka kila mmoja wao asimkataze mgonjwa dawa, asimfunge minyororo, asimchome na asimfukize moshi wa kumziba pumzi.

Juu ya tiba ya kuanguka kwa nafsi, utafiti umekuwa mkweli, nasi tuwe wakweli. Huko Marekani, mwaka 2014, ilitangazwa kazi ndogo iliyofanywa kwa wagonjwa 38: waliopewa mazungumzo ya kitabibu yenye mpango maalumu, yanayomfundisha mtu kuzitambua hofu zake na kuzishika hatamu, walipungukiwa na kuanguka kwa karibu nusu. Watu walifurahi. Kisha huko Uingereza ikafanywa kazi kubwa zaidi, kwa wagonjwa 368, na matokeo yake yakatoka mwaka 2020. Baada ya miezi 12, idadi ya kuanguka kwa mwezi haikuonyesha tofauti ya uhakika baina ya waliopewa mazungumzo hayo na waliopewa uangalizi wa kawaida wa madaktari. Lakini waliopewa mazungumzo waliishi vyema zaidi: dhiki ya moyo ilipungua, shughuli zao zilirudi, na vipindi vyao vya kukaa bila ya kuanguka vilirefuka.

Mtu wa haraka atasema tiba hiyo imeshindwa. Sisi hatuoni hivyo. Kwanza, makundi yote mawili yalielezwa kwa utulivu na madaktari kwamba maradhi yao ni ya kweli, yana jina, na si kifafa wala si uwongo, na baadhi ya wagonjwa hupata nafuu kwa maelezo hayo tu. Pili, msichana anayeanguka mara mbili kwa mwezi lakini amerudi skuli, amerudi kusaidiana na mama yake na ameacha kujiogopa, hali yake si sawa na anayeanguka mara mbili kwa mwezi akiwa amefungiwa chumbani. Mpango wa afya unaohesabu mara za kuanguka peke yake utaacha kuyahesabu maisha.

Vivyo hivyo tusisahau kwamba mwenye kifafa naye ana nafsi. Tafiti zinaonyesha karibu mgonjwa mmoja wa kifafa kati ya kila wanne ana huzuni ya maradhi, ile inayomnyima mtu usingizi, chakula na matumaini. Daktari anayehesabu vidonge bila ya kumwuliza mgonjwa "Hali ya moyo wako ikoje?" ametibu nusu ya mtu.

Basi yafanywe nini? Twapendekeza mambo matano kwa viongozi wenye dhamana.

La kwanza ni dawa zisikatike. Shirika la Afya Duniani linasema matibabu ya kifafa yanaweza kugharimu kiasi cha dola 5 za Marekani kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Fenobabitoni imo katika orodha ya dawa za lazima, lakini pia imo katika mkataba wa kimataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa za kulevya akili, na kwa sababu hiyo uagizaji wake una vibali na karatasi nyingi. Karatasi hizo zianze kushughulikiwa mapema, kabla ghala halijawa tupu. Mgao ufike Tumbatu, Kojani, Uzi na Fundo kama unavyofika mjini. Mapinduzi ya 1964 yalitangaza matibabu bure kwa mwananchi, na ahadi hiyo hupimwa katika kituo cha mwisho kabisa cha kisiwa kidogo kabisa.

La pili ni mafunzo. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wauguzi na matabibu wa kawaida kutambua na kutibu maradhi ya akili na kifafa, bila ya kungoja bingwa. Mafunzo hayo yamfikie kila mtumishi wa kituo cha afya, na ndani yake mtumishi afundishwe kuwa mwanamke wa umri wa kuzaa asianzishiwe dawa ya valproeti, kwa kuwa huweza kumdhuru mtoto tumboni, palipo na dawa nyingine.

La tatu ni skuli. Kila skuli iwe na mwalimu mmoja, na mwanamke akipatikana ni bora, ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea kwa siri. Msichana anayeanguka asifukuzwe na asichapwe. Wanapoanguka wengi kwa pamoja, watenganishwe kwa upole, watazamaji waondolewe, masomo yaendelee kwa walio wazima, na uongozi ukae chini kuchunguza: je, kuna mwalimu mkatili, kuna njaa, kuna mtu anayewadhalilisha? Likigundulika jambo la namna hiyo, lifikishwe kwenye sheria bila ya kuoneana haya.

La nne ni hesabu. Nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2022, katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, juu ya mpango wa hatua dhidi ya kifafa na maradhi mengine ya mishipa ya fahamu hadi mwaka 2031. Hatuwezi kuutekeleza ikiwa katika daftari za vituo vyetu kila anayeanguka anaandikwa neno moja. Yaandikwe maradhi mawili katika safu mbili, na asiyejulikana aandikwe kuwa bado hajajulikana.

La tano ni kinga: uzazi salama, chanjo kamili, kofia kwa kila anayepanda pikipiki, na uangalifu kwa wakwezi na wachumaji karafuu.

Kwa mwananchi wa kawaida, haya yatosha kuyahifadhi. Mtu akianguka, ondoa vitu vigumu na moto karibu naye, mfungue nguo shingoni, mfunike mwili, mwekee kitu laini chini ya kichwa, na mtetemeko ukitulia mlaze ubavu. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe kitu mpaka azindukane. Tazama saa. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla ya kuzindukana, apelekwe hospitali mara moja. Mate yake hayaambukizi. Hukumu yako juu ya chanzo cha maradhi yake iache, kwani si kazi yako wakati huo.

Tulipokuwa chuoni, mwenzetu mmoja alianguka juu ya msahafu wake. Sote tulikimbia, na baadaye hakuna aliyekubali kukaa naye mkeka mmoja. Siku chache alikuja akikaa peke yake karibu na mlango, kisha hakuja tena, wala hatukuuliza. Hatukujua alichokuwa nacho, kifafa au jingine, na wala leo hatujui, kwa kuwa hakuna aliyempima. Sasa wengi wa rika lile ni wazazi, walimu, masheha na watendaji wa Serikali. Watoto wa leo wanaoanguka wako mikononi mwetu, na safari hii hatutakuwa na udhuru wa kusema tulikuwa wadogo.